Lipia Sahani Yako

Maneno haya niliwaambia wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Nyegezi, Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeruka tu pale umeme ulipokatika na kila mtu akaanza kuzungumza na jirani yake.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mama zangu mliofunga meza zenu mapema mkaja kutusikiliza, na ninyi wadogo zangu: mwadila!

Asanteni. Hiyo sauti ya nyuma kabisa ni ya mtu wa Magu, hanidanganyi.

Mlinialika nizungumzie namna ya kuanzisha chombo huru cha habari za chakula, chombo kinachojali watu. Nilikaa nikaandika kurasa sita. Jana usiku nikazisoma, nikaona zinafanana na andiko la kuomba fedha kwa wafadhili, kila mstari "uwezeshaji". Asubuhi nimezifungia maandazi. Kwa hiyo leo nimekuja mikono mitupu.

Tuanze na zoezi dogo. Aliyekula mchana wa leo anyooshe mkono. Vizuri, karibu wote. Msishushe. Asiyejua amelipa shilingi ngapi ashushe. Hakuna. Sasa ashushe yule asiyejua mama aliyempikia alinunua samaki wale, au maharage yale, kwa bei gani asubuhi.

Imebaki mikono miwili, na mmoja naona ni wa mama aliyepika.

Kazi yangu yote inakaa hapo, kati ya bei mliyolipa ninyi na bei aliyonunulia yeye. Mapishi yanaandikwa, picha zinapigwa, lakini hicho cha katikati kikikosekana mmeandika tangazo, hata kama hakuna aliyewalipa.

Sikuyajua haya tulipoanza. Tulianza mwaka 2019 tukiwa watatu: mimi, rafiki yangu niliyesoma naye, na binamu yangu mwenye simu ya kamera nzuri na kioo kilichopasuka. Tulifanya walichokuwa wakifanya wote. Unakwenda hoteli iliyo kando ya ziwa, unaagiza sato mzima wa kukaanga, unaisogeza sahani mpaka mawe ya ziwani yaonekane nyuma yake, unapiga picha, unaandika "tamu balaa". Mwenye hoteli anatoka mwenyewe, anakwambia, "Msilipe bwana, hapa ni kwenu." Mara ya kwanza nilijisikia mtu mkubwa. Mara ya tatu nilikuwa nasubiri niambiwe hivyo, na wasiponiambia nanuna.

Ndipo tukafika mahali fulani ambapo sato alikuwa amelala. Mimi ni mtoto wa Igogo. Samaki aliyelala namjua kabla sahani haijatua mezani: limau limekamuliwa kupita kiasi, pilipili imewekwa kumficha, na nyama inajiachia kwenye mfupa kama imechoka. Niliijua ile sahani. Lakini nilikuwa nimeshakula nusu yake bure, na soda juu. Nikaandika "sato freshi kutoka ziwani".

Mwezi huohuo dada mmoja msomaji wetu aliwapeleka wakwe zake pale kwa kuamini maneno yetu. Akanipigia simu. Hakutukana, angetukana ningepata pa kujitetea. Alisema tu, "Dada, mimi nililipa." Akakata.

Tangu siku ile tuna sheria moja, na mkiniuliza sera ya uhariri ya chombo chetu ndiyo hiyo: lipia sahani yako. Mnaijua bahasha, ile anayopewa mwandishi ili aandike vizuri, msijifanye wageni. Mnaijua nauli ya mwandishi inayozidi nauli ya kwenda Dar na kurudi. Katika habari za chakula bahasha haiji na karatasi, inakuja na kachumbari. Ni tamu, ina harufu nzuri, na anayekupa anatabasamu kweli. Wahenga walisema mla cha mwenzie na chake huliwa. Chetu sisi kinacholiwa ni ulimi.

Sasa tazameni kilichofuata, maana watu huwa wananisifu kwa jambo nisilostahili. Wananiuliza moyo wa kujali wanyonge niliupata wapi. Niliupata kwenye pochi. Tulipoanza kulipa wenyewe, hoteli za kando ya ziwa tuliziweza mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote hela yetu ilitosha kwa mama lishe tu. Basi tukahamia Mabatini, Igoma, Buzuruga, pale tunapokula watu wote tusio na maneno mengi. Tulipokaa kwenye yale mabenchi ndipo tukaanza kusikia habari.

Na tukaharibu upya.

Pale Mabatini kulikuwa na mama mmoja anapika wali na samaki wa mchuzi. Mchuzi wake una nazi kidogo, ambayo si kawaida yetu huku, alijifunza akiwa Tanga kwa dada yake. Sahani shilingi 2,500. Wateja wake ni wabeba mizigo, bodaboda na mafundi wa gereji. Tukaandika kwa mapenzi yote. Tukaweka ramani. Tukaita "siri ya Mabatini". Wiki mbili baadaye kuna magari yamepanga mstari mpaka yule mzee wa duka la pembeni anapiga kelele. Tukapongezana. Mwenye eneo naye aliyaona magari, akapandisha kodi mara mbili. Mama akapandisha sahani ikafika 4,000. Wabeba mizigo wakahama. Miezi michache magari nayo yakapata siri nyingine mahali pengine.

Nilimkuta Buzuruga, ameanza upya na sufuria mbili. Nilitegemea anifukuze. Alinipa kiti, akanipakulia, nikalipa, kisha akaniambia, "Mwanangu, ulinipa wateja wa Jumamosi, ukanichukulia wateja wa kila siku."

Hilo hakuna chuo kilichonifundisha. Tulidhani habari mbaya ndiyo inayoumiza, na sifa ni zawadi. Sasa kabla hatujaandika kuhusu mama lishe tunamwuliza maswali ambayo hakuna anayemwuliza mwandishi wa vyakula kama anayauliza: eneo ni lako au umepanga? Unapika sahani ngapi kwa siku? Ungependa ziongezeke? Wapo wanaosema ndiyo, niletee hata mia. Wapo wanaosema, "Arobaini zinanitosha, saa nane nafunga nakwenda kumchukua mtoto." Huyo wa arobaini tunaandika mchuzi wake, hatuandiki alipo. Wasomaji wanakasirika sana. Waacheni wakasirike, watafute kwa miguu.

Naona Mwenyekiti ananiangalia saa. Bado nina dagaa.

Dagaa ndio waliotufanya tuwe chombo cha habari. Kabla ya hapo tulikuwa walaji wenye simu.

Kwa wale wa kutoka mbali na ziwa, nieleze kidogo. Dagaa wetu huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazunguka. Kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali kazi inasimama, maana ziwa zima lina taa moja kubwa ambayo hakuna tajiri wa mtumbwi anayeishinda. Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, hawahesabu tarehe, wanahesabu giza na mwezi. Ukimwuliza mama wa mwalo wa Igombe atakulipa lini, atakwambia "giza likiingia".

Alfajiri mitumbwi inarudi, na akina mama wanasubiri na ndoo. Wananunua wabichi kwa ndoo, wanawaanika juani, jioni wanawakusanya kwenye magunia. Magunia yanakwenda soko la Mwaloni, Kirumba, na pale Mwaloni utasikia Kiswahili cha kila namna, cha Kongo, cha Burundi, cha Rwanda, kwa sababu dagaa wa Mwanza wanavuka mipaka kuliko wengi wetu humu.

Wengi wanaanika chini, kwenye mchanga, kwa kuwa mchanga ni wa Mungu. Vichanja vipo: unasimika miti, unatandika wavu juu yake, dagaa wanapata upepo juu na chini, wanakauka upesi, hawana mchanga. Lakini miti inanunuliwa na wavu unanunuliwa. Sisi wa mjini tunalalamika kwamba dagaa wa Mwanza wana mchanga, tunawasifu wale wa Kigoma, kisha tukifika sokoni tunachagua wa bei ya chini. Nilikuwa naandika malalamiko hayo mimi mwenyewe. Kuna makala yangu ya zamani ya namna ya kuosha dagaa mara tatu kwa maji ya moto, nzuri tu, haina kosa. Haisemi mchanga ulitoka wapi.

Siku moja wakati wa masika tulikuwa Igombe kupiga picha za mapishi. Mama mmoja alikuwa amemwaga ndoo kumi na kitu mchangani, kwa mkopo wa kikundi chao cha vikoba. Wingu likatoka upande wa ziwani. Mnajua mvua ya ziwani, haipigi hodi. Tuliacha kamera tukazoa naye kwa mikono, kwa vitenge, kwa mabeseni. Haikusaidia. Dagaa wakinyeshewa wakiwa nusu wakavu wanageuka rangi, wanaanza kunuka, na jina lao linabadilika palepale: walikuwa dagaa wa kula, sasa ni dagaa wa kuku. Bei inaanguka hapo hapo, na deni la vikoba linabaki na urefu wake.

Nilimwuliza sasa utafanyaje. Akasema, "Kuku nao wanakula, mayu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Tukaachana na mapishi ya siku hiyo. Tukatengeneza karatasi. Upande mmoja wa A4, inatolewa nakala steshenari, inabandikwa kwenye ubao wa mwalo na kusomwa kwa sauti kwenye makundi ya WhatsApp. Ina bei ya ndoo mbichi Igombe, bei ya gunia la dagaa wa mchangani Mwaloni, bei ya gunia la dagaa wa kichanja Mwaloni, na bei ya kipimo cha kisado sokoni mjini. Chini yake tunaweka pishi moja. Basi. Ndicho kitu cha maana kuliko vyote tulivyowahi kuchapisha, na hakina hata picha.

Kwa nini? Kwa sababu baadhi ya akina mama waliokuwa wakianika vichanjani walikuwa wakiuza bei ileile ya mchangani. Mchuuzi anayekuja kuchukua pale Igombe alikuwa anachukua yote kwa bei moja, akifika Kirumba anayatenga. Karatasi ilipoonyesha bei mbili, wakamwuliza ya pili inakwenda wapi. Sisemi wametajirika. Wengine waliongezewa kidogo, wengine waliambiwa wauze kwingine. Ila swali limeshaulizwa, halirudi tena mfukoni.

Mchuuzi mmoja alitufuata mpaka chumba chetu Kirumba. Mtu mzima, ana heshima zake, alikaa akanywa maji. Akaniambia, "Binti yangu, bei ya dagaa si habari. Ni siri ya biashara." Nikamshukuru kwa kunipa kichwa cha habari.

Msinipigie makofi bado. Wiki moja tulikosea. Kijana wetu aliandika bei ya gunia kubwa kwenye mstari wa gunia dogo, mimi nilikuwa msibani sikuhakiki. Mama mmoja alikataa kuuza, akasubiri ile bei tuliyoandika, ambayo haikuwepo duniani. Alipokuja kuuza, soko lilikuwa limeshuka. Tulisahihisha, tulikwenda mpaka kwake tukaomba radhi, tukamfidia tulichoweza. Kosa la tahajia msomaji anakucheka. Kosa la bei linakula ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Halafu kuna jambo la hao kuku, ambalo bado linaniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Dagaa analiwa mzima, na mifupa yake, na ndani ya mifupa kuna madini ambayo mtoto wa hapa Mkolani anayahitaji ili arefuke. Na sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inasagwa kuwa chakula cha mifugo. Sina ugomvi na wafugaji, mayai nayo ni chakula na shangazi yangu anafuga. Lakini mama anayenunua dagaa wa shilingi mia tano anadhani anashindana na jirani yake pale gengeni, kumbe anashindana na mashine ya kusaga. Habari hiyo ukurasa wa mapishi unaweza kuibeba. Ukurasa wa biashara hauendi gengeni.

Sasa niwaulize. Mwaka 1999 mlikuwa wapi? Wengi hamjazaliwa, Mungu awabariki. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu kwamba kuna wavuvi wanavua kwa sumu. Viwanda vya minofu hapa Mwanza vikatetereka, watu wakarudishwa majumbani, bei ya sangara mwaloni ikaanguka. Kwetu Igogo baba mdogo alikosa kazi, na papo hapo tukala minofu ya sangara kama matajiri, ya kukaanga, ya mchuzi, mpaka watoto tukachoka. Nilikuwa sielewi kwa nini watu wazima wana huzuni na sahani zimejaa. Nadhani uandishi wangu wa chakula ulianzia hapo, sema nilichelewa kujua.

Siku za kawaida sisi tulikula mapanki. Mnacheka! Anayecheka zaidi ndiye aliyelelewa nayo. Minofu ikishachukuliwa na kiwanda, kinabaki kichwa na mfupa wenye nyama nyama pembeni, ndiyo hayo mapanki. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya mtu wa Ulaya kuhusu sangara na mji wetu, ikafika mpaka kushindania tuzo za Oscar mwaka 2006, ikaonyesha mapanki kama mwisho wa ubinadamu. Serikali ilikasirika, Rais Kikwete mwenyewe aliizungumzia akiipinga. Huku wanasema tunakula mizoga, huku wanasema hatuli hata kidogo. Katika kelele zote hizo sikusikia mtu amemwuliza mama yangu anayapikaje.

Anayaosha kwa chumvi na ndimu, anayakaanga mafuta yakiwa moto sana ili mifupa midogo ilainike, kisha anayarudisha kwenye nyanya nyingi na kitunguu, moto mdogo, mpaka mchuzi ushike. Ugali wa muhogo. Kichwa anakitenga kwa supu. Tuliandika pishi hilo, na juu yake tukaandika kwa nini lilikuwepo: minofu ilipanda ndege, mfupa ukabaki. Vyote viwili ni kweli, utamu na dhuluma, viko katika sahani moja. Anayekuja kutazama kwa siku kumi atachagua kimoja. Sisi tuliolelewa nayo tukichagua kimoja tutakuwa tumesema uongo.

Na mabondo je? Kile kifuko cha hewa cha sangara ambacho zamani watoto tulikichezea, leo kilo yake ikikauka inauzwa kwa laki kadhaa na kusafirishwa mpaka China, inapita mbali kilo ya minofu. Hatuna pishi lake, huku kwetu hatukula mabondo. Ila mvuvi aliyemtoa samaki yule majini mara nyingi analipwa kwa uzito wa samaki. Hiyo nawaachia ninyi, kuna mtu humu ataiandika vizuri kuliko mimi.

Jambo moja la bibi yangu wa Ukerewe, Mungu amrehemu. Tulimrekodi kwa simu jioni tatu mfululizo, akitaja samaki aliowapika akiwa msichana. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa namna namna, kila mmoja ana jina lake na sufuria yake. Ningu, ambaye alipanda mitoni msimu wa mvua kutaga na watu wakamtegea midomoni mwa mito mpaka akaadimika. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawala furu kupita kiasi. Wanasayansi wanakadiria ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba 200 hivi zimetoweka. Bibi hakuwa na hesabu hizo. Alisema tu, "Yule wa kuchanganya na karanga simwoni siku hizi." Tumeyaweka mapishi yake ya samaki ambao msomaji hawezi kuwanunua. Binamu yangu alisema yana faida gani? Sikumjibu vizuri, mpaka leo sina jibu zuri, ila ndiyo sauti iliyosambazwa kuliko zote tulizotoa.

Haya, pesa. Najua ndicho mnachosubiri.

Kampuni moja ya viungo vya mchuzi ilitufuata mwaka wa pili. Walitaka kutulipa kila mwezi, fedha ya kukodi chumba na kununua kamera, sharti moja: kila pishi liwe na kiungo chao. Tulikuwa na njaa, tukakubali kwa mwezi. Pishi la kwanza lilikuwa la dagaa wa karanga la mama mmoja wa Igogo. Alisikiliza sauti yetu, akaja kwa miguu. "Tangu lini mimi natia hicho kidude kwenye dagaa?" Nikamweleza mambo ya udhamini. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi andika jina la kidude hicho mahali pa jina langu." Tulirudisha kilichobaki. Kilichotumika tulikilipa kwa miezi mitano.

Tunaishi hivi: wasomaji wanachangia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa lipa namba. Si wote, na wengine wanasahau, tunawakumbusha tarehe mbili, si tarehe ishirini na tano, mnajua wenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapika chakula cha watu, mama mmoja anafundisha, watu wanalipia sahani na somo. Tuna kijitabu cha mapishi kinachouzwa steshenari. Matangazo tunachukua ya sufuria, ya mbegu, ya majiko. Ya mtu ambaye chakula chake tunakiandika, hapana. Mshahara wangu ni mdogo kuliko wa mwalimu wa shule ya msingi, na kuna mwezi haukuja kabisa. Sitawadanganya.

Mama aliyetoa pishi kwenye kijitabu analipwa siku ya kurekodi, na anapata mgao kila toleo likiuzwa. Mkataba ni wa Kiswahili, ukurasa mmoja, tunamsomea kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini. Mwanasheria aliyetusaidia alisema ukurasa mmoja hautoshi. Inawezekana. Lakini kurasa tisa hakuna anayezisoma, na asiyesoma ndiye anayeibiwa.

Video tunazo chache. Wasomaji wetu wengi bando lao ni la siku, video moja inalimaliza, na mtu amebakiza la kumpigia mtoto. Sauti ya dakika nne inakwenda mpaka kisiwa cha Ukara. Masuala ya leseni nendeni mkaulize mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja mwaka 2018 na zimeguswa tena baada ya hapo, kwa hiyo msisome nakala ya kaka yako.

Naambiwa kuna swali moja tu. Ndiyo, mdogo wangu wa kilemba cha njano.

Anasema: "Dada, na sisi ambao hata hiyo hela ya sahani hatuna?"

Asante kwa kusema "sisi". Ukirudi nyumbani, au kama umepanga ukipiga simu nyumbani, mwulize mama bei ya kila kilichoingia sufuriani wiki hii. Mafuta, chumvi, mkaa au gesi, dagaa, nyanya tatu. Andika siku saba. Kisha mwulize mwaka alipoolewa sufuria hiyohiyo ilikuwa na nini. Hapo hulipii sahani, umeshailipiwa zamani. Ukiileta kwangu nitaisoma hewani kwa jina lako na la mama yako, na nitawalipa wote wawili.

Wengine wote, giza limeingia tangu juzi. Kesho tunakwenda Igombe kuchukua bei. Gari tumekodi, lina nafasi sita, linaondoka stendi ya Nyegezi saa kumi alfajiri, halisubiri mtu. Vaeni viatu visivyoogopa maji. Na kila mmoja aje na hela yake ya chai.